Barua Imefungwa, Bahasha Ikasema

Kabla simulizi la rafiki yangu halijafika mikoani, naomba ieleweke kwamba sikudukuliwa. Anayeeneza kwamba wahuni waliingia kwenye seva yangu Jumapili ndiye mpokeaji wa barua yenyewe, na mtaona ana sababu gani ya kujitoa kwenye kisa hiki.

Wafuasi wa siku nyingi mnajua nilivyohangaika na ile Raspberry Pi, kompyuta ndogo niliyoigeuza seva ya barua pepe, iliyo juu ya kabati la vyombo: Postfix ya kupeleka barua, Dovecot ya kuzitunza, Roundcube ya kuzisomea kwenye kivinjari, cheti cha usalama cha Let's Encrypt cha siku 90, na mtoa huduma wa intaneti aliyeifunga poti namba 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, hata nikalazimika kupitishia barua zangu kwenye seva ya kukodi. Mke wangu aliyavumilia yote, kwa kuwa nilimwambia kwamba vifaa nilipewa bure na rafiki huyohuyo. (Hilo lishikeni.)

Jumapili mama mkwe na shemeji walikuja kula pilau, nami nikaunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni ili niwaonyeshe kwamba hata mwizi akiibeba seva yote hatasoma barua zetu. Nikafungua faili la barua moja niliyokwisha kuituma, moja kwa moja kutoka kwenye diski, bila nywila. Kioo kikajaa herufi na tarakimu zisizo na mbele wala nyuma. Nikachukua mwiko, nikazigusa taratibu, nikasema, "Mama, humu mna siri, na hakuna atakayeijua."

Hakuna aliyejibu, nikadhani wameduwaa. Shemeji aliacha kutafuna. Mama mkwe alifuta miwani kwa pindo la kanga, akaivaa, akajisogeza ukingoni mwa kochi, na macho yake hayakuwa kwenye mwiko bali vidole vinne juu yake, mahali alipoanza kusoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayemtajia mtu namba za Luku: "Ile... laki nne... ya seva... nitalipa... mwezi ujao... mke wangu... asijue."

Mwiko ulibaki hewani. Punje moja ya pilau ilidondoka, na nawaapia niliisikia ikitua.

Kwa wasiojua, kama nilivyokuwa mimi hadi saa saba na nusu mchana wa siku ile: PGP, programu ya kufumba barua iliyotolewa na Phil Zimmermann mwaka 1991, husimba mwili wa barua, lakini mada, ule mstari wa kichwa cha barua, kwa kawaida hubaki nje pamoja na majina ya mtumaji na mpokeaji. Programu ya barua pepe ya Thunderbird ya siku hizi huificha mada na kuacha nukta tatu; mtambo nilioujenga mimi hauna adabu hiyo.

Mke wangu aliomba nywila ili aone kilichobaki ndani. Nikaiandika kwa vidole vinavyotetemeka, na ufunguo wa biti 4096 ukafungua maneno manne: "Rejea mada hapo juu."

Deni limelipwa jana, kutoka kwenye fedha za simu niliyotaka kununua. Mama mkwe, akipanda bajaji, aliuliza kama kweli herufi zote zile zilikuwa za maneno manne tu. Nikamwapia. Akamtazama bintiye, bintiye akamtazama, bajaji ikaondoka.