Tusiidharau Music 2000

Kila stori ya grime, ule muziki wa kuchana juu ya midundo ya kompyuta uliozaliwa London, ikianza, lazima mtu ataje Music 2000, ile gemu ya kutengenezea muziki ya PlayStation ya kwanza iliyotoka 1999, Marekani wakaiita MTV Music Generator. Na kila ikitajwa lazima atokee mwingine aseme kile ni kichezeo cha watoto, unapanga vipande walivyotengeneza wenzako halafu unajiita prodyuza. Hoja yao naielewa. Disiki inakuja imejaa ngoma, besi na vinanda, wewe na padi yako unachukua kipande unakipachika kwenye mstari, unachukua kingine, robo saa haijaisha asiyejua kitu ana wimbo. Hapo hujajifunza chochote, kweli.

Ila naona wanaosema hivyo waliishia hapohapo kwenye robo saa ya kwanza. Ukizama unakuta unaweza kuandika kipande chako mwenyewe noti kwa noti, unaweza hata kutoa disiki ya gemu ukaweka CD yako ya muziki, ukakata kipande cha sauti, ukakitumia. Hiyo ndo kazi aliyokuwa anaifanya prodyuza studio na sampla, mashine ya kunasa na kukata sauti, ya hela nyingi.

Sasa kuna kitu mimi huwa sikiachi, memori. PlayStation ile ina memori ya sauti KB 512 tu. Piga hesabu, kwa jinsi mashine inavyobana sauti, ukitaka sauti ya kiwango cha CD unapata kama sekunde 20 hivi za mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, basi, kila ngoma na kila besi ya wimbo mzima itoke humo humo. Sauti zinazolia kwa pamoja hazizidi 24, na memori kadi ya kuhifadhia kazi ni KB 128. Mtu aliyebanwa hivyo anafanyaje? Anachagua. Kiki moja, yaani ngoma nzito ya chini, inayogonga vizuri anairudia, besi anaipeleka chini, katikati ya mapigo anaacha wazi maana hana cha kujazia, na ukisikiliza grime ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ule ukavu wake, ile nafasi ambayo MC, yaani mchanaji, anaingia akajimwaga, mimi siamini kabisa kwamba hivi vitu havihusiani. Sisemi gemu ndo ilizaa grime, wengine walikuwa na programu ya muziki ya Fruity Loops kwenye kompyuta. Lakini Skepta na mdogo wake Jme, wasanii wakubwa wa grime, wamesimulia kwamba walipitia humo, na mwaka 2016 Skepta alibeba Mercury Prize, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza.

Wapinzani wananishika sehemu moja, nayo ni kutoa kazi nje. Faili huwezi kulitoa. Wimbo ukiisha unachomeka waya kwenye deki ya kaseti au minidisc unarekodi unavyopiga, vyote vimeshachanganyika, ngoma huitenganishi tena na besi, ukitaka kurekebisha unarudi mwanzo. Anayetetea kompyuta hapo ana haki yake, na ndo maana waliokomaa walihama, ingawa masikio waliyohama nayo waliyanoa kwenye padi. Kadi ikifa na kazi imekufa. Midundo mingapi imeozea kwenye kadi zile bila kurekodiwa popote, hilo linaniuma kuliko hayo maneno ya kichezeo.