Kisu Kizito Si Lazima Kiwe Imara

Muuzaji wa visu vya kukunja, awe ndani ya soko la Owino hapa Kampala au kwenye vibanda vya mpakani Busia na Malaba, hutumia mbinu ileile. Anakuwekea kisu kiganjani, anakufumbisha vidole, kisha anasema: "Sikia uzito huo, bosi." Mnunuzi anausikia, anatikisa kichwa kukubali, anatoa hela. Mbinu hiyo naipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu inawafanya watu wanunue chuma wasichokihitaji na kuacha kukagua kitu kinachoamua umri wa kisu, yaani namna mpini ulivyoundwa.

Uzito wa kisu cha kukunja unatoka wapi? Mara nyingi sehemu kubwa haimo kwenye bapa, imo kwenye mpini. Tazama Buck 110 ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1964. Mpini wake ni mbao iliyobanwa kati ya vichwa viwili vya shaba ya manjano, na kisu kizima kina zaidi kidogo ya gramu 200, sawa na kubeba simu ya pili mfukoni. Baadaye kampuni hiyohiyo ilitoa toleo lenye bapa la urefu uleule na mpini wa nailoni, na uzito ukashuka hadi karibu nusu. Kinachokata hakikupungua hata kidogo. Kilichoondoka ni shaba.

Hesabu yake si ngumu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina karibu gramu 8, ya shaba ya manjano inazidi kidogo hapo, titani 4.5, aluminiamu 2.7, na nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo haifiki gramu 2. Sasa kumbuka vile visu vya bei ya chini vinavyong'aa, vyenye mpini uliochongwa picha ya tai au simba. Mingi kati ya mipini hiyo ni zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ni mizito, kweli, lakini zinki ya namna hiyo haipindi ikielemewa. Hupasuka, na hupasukia palepale penye pini ambayo bapa linazungukia. Kwa hiyo uzito uliomvutia mnunuzi ndio huohuo uliopaswa kumtia shaka.

Nisieleweke vibaya: sisemi kila chepesi ni kizuri. Wapo watengenezaji walioondoa kila kitu hadi mpini ukabaki vipande viwili vya plastiki visivyo na bamba la chuma ndani, na ukiukamua unausikia ukijikunja. Tena kuna wembamba. Mpini mwembamba hukaa vizuri mfukoni, lakini jaribu kukata nao kamba ya turubai la lori, ile nene ya manila ambayo mataniboi, wasaidizi wa madereva wa malori, hupambana nayo kila siku Malaba. Nguvu zote za mkono huishia kwenye ukingo mmoja mwembamba, kiganja kinauma, na baada ya kamba chache unalegeza mshiko. Kisu unachokishika kwa kulegea kitakukata wewe.

Ndiyo maana napenda kuwaonyesha watu Opinel ya Ufaransa, ile namba 8. Bapa lake lina sentimita 8.5, mpini ni wa mviringo, unajaa kiganjani kama mpini wowote wa kazi, na kisu kizima kina gramu 45 hivi tu. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, na mpini mpaka leo ni kipande kimoja cha mbao kilichopasuliwa mfereji wa kulaza bapa. Shingoni kuna pete ya chuma inayoizuia mbao isipasuke, na tangu mwaka 1955 kuna pete ya pili inayozunguka ili kulifunga bapa. Hakuna bamba la ndani wala vichwa vya shaba. Ujazo unatoka kwenye mbao, na nguvu inatoka kwenye ile pete iliyowekwa mahali panapoelemewa. Huo ndio ujenzi wa akili.

Lakini mbao hunywa maji. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, na hasa kwetu tunaoishi karibu na ziwa, mpini huo huvimba na kulibana bapa mpaka kucha haiwezi kulivuta. Dawa yake ni kukikausha kisu kivulini, kisha kuupaka mpini mafuta au nta, na kurudia kabla ya msimu ujao. Asiyetaka shughuli hiyo achukue mpini wa plastiki au aluminiamu, ila ajue aluminiamu laini huteleza mkono ukilowa, na kisu kikiachwa juani kwenye dashibodi ya gari mpini utakuunguza. Chagua yenye mikwaruzo au vinundu vya kushikia.

Kwa kisu kinachotumika kila siku, mimi naona mabamba mawili membamba ya chuma ndani ya mpini yanastahili uzito wake. Yanaishika pini pande zote mbili na kuzuia bapa lisiyumbe. Mtengenezaji mzuri huyatoboa mashimo katikati ili kupunguza gramu, na ugumu haupotei sana kwa kuwa kingo zimebaki. Chungulia kati ya vibao vya mpini utayaona. Ukiona bamba limetobolewa kwa mpangilio, huyo mtu alifikiria uzito. Ukiona plastiki tupu mpaka kwenye pini, kiache kwa kazi ya kufungulia barua.

Halafu kuna jinsi vipande vilivyounganishwa, jambo ambalo sioni wauzaji wakiligusia. Riveti au skrubu? Yeyote aliyekata fenesi kwa kisu cha kukunja anajua utomvu wake unavyoingia kwenye kiungo na kuganda huko, na maji hayautoi. Mafuta ya kupikia huulainisha, unakunja na kukunjua, unafuta. Lakini utomvu ukishaganda ndani kabisa na kuchanganyika na vumbi letu jekundu, mpini wa skrubu unafunguliwa wote na kusafishwa. Skrubu hizo mara nyingi ni zile ndogo zenye tundu la nyota, na bisibisi yake fundi simu anayo, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa. Mpini wa riveti haufunguki kirahisi, ila ukilegea, fundi yeyote wa chuma anaugonga kwa nyundo ndogo ukakaza tena. Vyote viwili navikubali. Nisichokubali ni mpini ulioshikanishwa kwa gundi tu.

Wengi wetu tulikikuta nyumbani kwa wazee kile kisu kirefu cha Okapi, chenye mpini wa mbao uliopinda na sauti ya kukwaruza meno kinapofunguliwa. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mnyama mwenyewe, okapi wa msitu wa Ituri nchini Kongo, alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi mwaka mmoja tu kabla, 1901, kupitia Harry Johnston aliyekuwa kamishna wa Waingereza hapa Uganda. Kama kisu, ni chepesi kwa urefu wake na mpini unashikika vizuri. Springi ya mgongoni ndiyo inayobeba kazi yote, kwa hiyo ikichoka, kisu kimechoka.

Ukiwa sokoni, usikiweke kiganjani tu. Kifungue, kishike kama unayetaka kukata, kisha sukuma ncha ya bapa kushoto na kulia kwa kidole. Ikicheza, rudisha. Kamua mpini kwa nguvu usikie kama unajikunja au una ukingo unaochoma. Kilaze juu ya kidole cha shahada, nyuma kidogo ya pini: mpini ukiwa mzito kiasi kuliko bapa, ncha itakutii. Bapa likivuta chini, mkono utachoka. Mwisho kitie mfukoni utembee hatua kadhaa, kwa suruali unayoivaa kazini na siyo ya Jumapili. (Na kama njia yako inapita kwenye maduka makubwa ya Kampala, askari wa mlangoni atakuomba ukiache. Mwachie bila ubishi.)

Anayemenya nanasi na machungwa barabarani simshauri avuke gramu 60. Taniboi na mkulima wanaweza kufika 100 au 120, mradi gramu hizo ziwe kwenye mabamba na pini, siyo kwenye mapambo. Zaidi ya hapo, nunua kisu kisichokunjwa na ala yake ukivae kiunoni.

Mafundi wa chuma wa Katwe, hapa Kampala, wananitia hamu. Tuna pembe za ng'ombe wa Ankole, ambazo tayari wachongaji wetu huzipasha moto, kuzinyoosha na kuzigeuza vikombe na vifungo. Pembe ni nyepesi, haitelezi sana ikilowa, na ukiibana kwa pini za shaba juu ya mabamba membamba unapata mpini wa gramu chache unaodumu, ilimradi upakwe mafuta usipinde. Fundi atakayenitengenezea kisu cha namna hiyo, bapa la sentimita nane, gramu 80 kwa jumla, riveti zinazogongeka upya, nitakilipia zaidi ya ninavyolipia chochote kinachoshushwa kwenye makontena.