Mawimbi mshtuko dhidi ya mawe ya figo: hesabu ya 22 kwa 100

Mgonjwa mwenye jiwe la milimita 9 kwenye figo, anapofika kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo na picha ya CT mkononi, kwa kawaida huelezwa njia mbili. Ya kwanza ni kulala juu ya mashine inayopiga mawimbi mshtuko kutoka nje ya mwili, jiwe lipasuke, na vipande vitoke vyenyewe kwa mkojo. Ya pili ni kuingia chumba cha upasuaji, kupewa nusukaputi, na kupitishiwa kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo hadi lilipo jiwe, ambalo huvunjwa kwa leza. Miaka ya karibuni upepo umevuma kuelekea njia ya pili, na wanaoisifu wana hoja ya kweli, kwamba mara nyingi jiwe huondoka siku hiyohiyo. Mawimbi mshtuko yamebaki na sifa ya teknolojia iliyozeeka, inayobahatisha. Sifa hiyo, kwa maoni yangu, imejengwa juu ya hesabu iliyosomwa nusu.

Kabla ya hesabu, jina. Wengi huiita tiba hii "kuvunja mawe kwa mionzi", na hofu ya saratani huingia kupitia neno hilo. Kinachovunja jiwe si mionzi bali ni msukumo wa jamii moja na sauti, uliokusanywa mahali pamoja kama lenzi inavyokusanya jua juu ya karatasi. Msukumo huo hupita ndani ya nyama ya mwili bila kipingamizi kikubwa kwa kuwa mwili wetu umejaa maji, na unapogonga kitu kigumu ndipo nguvu yake inapomalizikia hapo. Eksirei au altrasaundi hutumika kulengea tu. Wazo lenyewe lilizaliwa katika kampuni ya ndege ya Dornier ya Ujerumani, iliyokuwa ikichunguza namna matone ya mvua yanavyoharibu ndege ziendazo kasi kuliko sauti. Februari 1980, mjini Munich, timu ya Christian Chaussy ilimtibu mgonjwa wa kwanza akiwa ndani ya beseni kubwa la maji. Siku hizi beseni limekuwa mfuko mdogo wa maji unaobanwa kiunoni, na wagonjwa wengi hutosheka na dawa za maumivu.

Sasa hesabu. Uingereza iliendesha jaribio lililoitwa TISU, lenye wagonjwa zaidi ya 600 waliokuwa na mawe katika ureta, yaani mrija unaotoa mkojo kwenye figo kuupeleka kwenye kibofu. Waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaanza na mawimbi kwa awamu zisizozidi mbili, nusu wakapelekwa kwenye kamera. Katika miezi sita, takriban 22 kati ya kila 100 walioanza na mawimbi walihitaji tiba zaidi, ikilinganishwa na takriban 10 kati ya kila 100 wa kamera. Anayetaka kuizika tiba hii husimama hapo na kusema imeshindwa mara mbili zaidi.

Lakini watu 78 katika kila 100 walimaliza safari yao bila kuingizwa chombo chochote mwilini. Tukiwapeleka wote 100 moja kwa moja chumba cha upasuaji, tunawaokoa kama 12 hivi na tiba ya ziada, na ili kuwaokoa hao 12 tunawapitisha kwenye upasuaji wengine 78 ambao wasingeuhitaji kamwe. Wale 22 nao hawajafungiwa mlango, kwani kamera bado ipo, na jiwe lililokwisha kulegezwa si lazima liwe gumu kuliko awali. Watafiti walikadiria pia kwamba kuanza na mawimbi kunaokoa takriban pauni 800 kwa kila mgonjwa. Hii ndiyo sehemu ya jaribio ambayo husikii ikinukuliwa.

Hesabu ya Uingereza, hata hivyo, haina nauli ndani yake, na hapa ndipo hoja ya upande wa pili inapokuwa nzito kuliko wanavyoisema wenyewe. Kwa mgonjwa atokaye Kigoma kwenda Dar es Salaam, awamu ya pili ni zaidi ya kilomita elfu moja barabarani, malazi kwa ndugu ambaye tayari amechoka kupokea wageni, na siku kadhaa bila kipato. Kwake, tiba inayoweza kumwita tena si nafuu hata kama ankara yake ni ndogo. Ila simulizi ya "safari moja" ya kamera nayo husahau kitu: mara nyingi mgonjwa hutoka na mpira laini ndani ya ureta, unaomfanya ahisi haja ndogo kila mara, na lazima arudi utolewe. Nayo ni safari.

Yapo mawe ambayo mawimbi hayayawezi, na kuyalazimisha ni kosa: yanayozidi milimita 20, mengi yaliyojificha sehemu ya chini ya figo, na yale magumu kama ya sistini, aina adimu ya jiwe. Mjamzito hapigwi mawimbi kabisa. Mwenye maambukizi yasiyotibiwa au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda husubiri. Vipande navyo vinaweza kupanga foleni katika ureta na kuiziba. Kwa kuwa wagonjwa wetu wengi huchelewa, jiwe likiwa limeshakua, mashine hulaumiwa kwa mawe ambayo hayakuwa yake.

Kuhusu madhara ya baadaye, mwaka 2006 Mayo Clinic ya Marekani iliripoti kisukari na shinikizo la damu zaidi miongoni mwa watu waliotibiwa kwa mawimbi mwaka 1985. Taarifa hiyo ilitegemea majibu ya dodoso na mashine ya kizazi cha mwanzo, na uchunguzi uliofuata miongoni mwa wakazi wa eneo la kliniki hiyo haukuuthibitisha uhusiano huo. Kupima shinikizo mara kwa mara kunafaa, lakini sioni hapo sababu ya kuikataa tiba.

Kinachonisumbua zaidi ni namna kazi yenyewe inavyofanywa. Mapigo 2,000 kwa kasi ya 60 kwa dakika huchukua zaidi ya nusu saa. Kwa kasi ya 120 huchukua dakika 17. Tafiti zimeonyesha kwamba kasi ndogo huvunja vizuri zaidi, kwa sababu kila pigo huacha vipovu vidogo kuzunguka jiwe, na vipovu hivyo visipopewa muda wa kupotea hulizuia pigo linalofuata. Jeli inayowekwa kati ya ngozi na mfuko wa maji pia ina siri yake: ikimiminwa kwa fungu moja na mfuko ukabanwa juu yake, hewa inayonaswa ni kidogo kuliko ikipakwapakwa kwa mkono, na hewa ndiyo adui wa mawimbi. Penye wagonjwa wanane wanaosubiri nje ya mlango ni rahisi kuongeza kasi na kupaka jeli haraka, kisha takwimu za mwisho wa mwaka zikaandikwa kwa jina la mashine.

Halafu yapo maelezo, ambayo hayahitaji umeme. Mgonjwa wa mawimbi huenda nyumbani jiwe likiwa bado ndani yake, limevunjika. Aliyeelezwa mapema hukojoa kupitia chujio la chai alilolitenga kwa kazi hiyo, na siku ya tatu akiona mchanga wa kahawia umebaki juu yake huutia kwenye kichupa akaupeleka maabara ijulikane ni jiwe la aina gani. Asiyeelezwa huona mkojo mwekundu usiku wa kwanza, akaamsha nyumba nzima akidhani figo imepasuka.