Yaya wa Brugge

Leo asubuhi nimeshuka ngazi za kwa dada yangu kinyumenyume, kwa makalio, kama mtoto wa miezi kumi. Ngazi zenyewe kumi na nne tu. Chini namkuta shemeji anakunywa kahawa, ananitazama, anauliza: "Yaya, uliamuka muzuri?"

Shemeji ni mtu wa Lubumbashi. Kwao yaya ni kaka mkubwa, jina la heshima kabisa. Kwetu Temeke yaya ni binti wa kulea mtoto. Nimemweleza mpaka nimechoka. Baada ya jana, hata sibishi tena.

Jana walinipeleka Brugge, hukuhuku Ubelgiji, kwa treni kutoka Antwerp. Mji wa kale, wakaniambia, njoo uone. Nikavaa viatu vyangu vya heshima, vya mtumba, Ilala, grade one. Kumbe mitaa yote ni mawe, na kila jiwe limetokeza kivyake. Hata saa haijaisha, soli ya kulia ikaanza kupiga makofi. Sikulaumu. Kiatu kimerudi kwao, kimeamua kubaki.

Choo, senti 50. Tukaingia kanisani kuona sanamu ya Bikira Maria aliyoichonga Michelangelo. Nzuri kweli, na watu wote wameipa mgongo ili wapige picha nayo.

Halafu mnara.

Uko pale uwanja wa soko, mita 83, unaitwa Belfort. Mpwa wangu wa miaka tisa akasema, "Mjomba, tupande!" Mbele ya mtoto huwezi kusema moyo unakudunda. Tukalipa kiingilio ambacho Dar ningejaza mtungi mdogo wa gesi na chenji ikabaki. Nikauliza lifti iko wapi. Yule dada wa tiketi akatabasamu: ngazi 366. Mwaka mrefu mzima, siku kwa siku! Sisi lifti ikifa ofisini tunapiga kelele wiki nzima. Hawa hawakuiweka kabisa, na foleni ipo.

Januari na Februari nilipanda kwa madaha, mikono nyuma kama mbunge anayekagua mradi. Kwenye Machi mpwa akanivulia koti, "Mjomba nishikie," akapotea. Aprili dada akanipa mkoba. Mei nikafika kwenye chumba walikokuwa wanafungia hati za mji, milango ya chuma, makufuli mengi. Nikazikagua hati hizo kwa muda mrefu sana. Hazikuwepo. Nilikuwa natafuta pumzi.

Kadiri unavyopanda, ngazi zinajisokota na kuwa nyembamba, mpaka mkono unashika kamba. Na njia ni hiyohiyo: ya kupandia, ya kushukia. Agosti hivi, nikasikia viatu vizito vinakuja kutoka juu. Likatangulia tumbo. Nyuma ya tumbo, mzee wa kizungu, mwekundu, anahema kuliko mimi. Tukasimama. Yeye hawezi kurudi, mimi sitaki kurudi, maana ngazi nilizokwisha kulipia siwezi kuzilipia mara mbili. Nikajibandika ukutani na koti na mkoba kifuani. Akaja kwa ubavu. Tukakwama, kitambi kwa kitambi, kama mbao mbili kwenye mlango mmoja. Akasema neno la kwao, nadhani samahani. Nikamjibu shikamoo, ilinitoka tu, kwa ukaribu ule. Nimebanwa kwenye daladala za Mbagala miaka ishirini, lakini kule angalau konda anakusukuma. Hapa hakuna hata konda! Nyuma yake wanangoja kumi, nyuma yangu kumi. Na hapohapo, juu ya vichwa vyetu, robo saa ikatimia.

Kule juu kuna kengele 47. Sijui zililia ngapi. Najua mzee alishtuka, tumbo likaingia ndani, nikapita.

Kileleni kuna upepo, waya wa kuzuia watu, na mapaa. Shemeji akaanza historia: juu hapa palikuwa na kilele cha mbao, radi ikakichoma mwaka 1493, wakajenga kingine, kikaungua tena 1741, ndipo wakaacha. Mimi ningeacha ile ya kwanza. Na kushuka je? Kushuka magoti yanahesabu mwaka upya kuanzia Desemba, yakidai malimbikizo.

Walipokwenda kupanda boti za kwenye mifereji, nilikataa. Nikabaki kwenye benchi na makoti matatu, mkoba, na chipsi ambazo hata mayonezi yake unalipia peke yake. Wakaja bata maji, weupe, shingo kama bomba. Hao nao wana kisa: mwaka 1488 watu wa Brugge walimfunga Maximilian, mtoto wa kaisari wa Wajerumani, wakamkata kichwa ofisa wake Lanchals, jina linalosikika kama shingo ndefu. Husimuliwa kwamba Maximilian alipofunguliwa aliupa mji adhabu: mtawafuga bata wenye shingo ndefu milele.

Nikawaonea huruma. Mji mzima, na kengele zake zote, umeajiriwa uyaya tangu 1488, bila likizo.

Bata mmoja akapanda ukingoni, akanikoromea, macho kwenye chipsi. Nikampiga mkwara wa Kiswahili, hakuelewa. Nikainua kiatu kumtisha, soli ikatoka yote, ikaangukia majini. Boti ikakata kona wakati huohuo, shemeji amesimama anapunga mkono, watalii wote wamegeuka:

"Yaya! Yaya! Chunga koti ya mutoto!"