Karatasi Iliyokuja Nyuma ya Katapila

"Mama, ile maneno ilishaisha. Balisharegilarize."

Hivyo ndivyo mama mdogo alivyojibiwa katika biro moja wiki iliyopita, na kijana ambaye hata macho hakuyatoa kwenye simu yake. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nimeshika bahasha yenye picha za dembo letu, bonde letu la majimaji. Hakuna aliyeniambia niifungue. Kuregilarize, yaani kuhalalisha kwa karatasi kazi iliyokwisha fanyika: siku nne sasa neno hilo limenikaa kooni, leo nalitema.

Wanaotoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga wanajua jinsi ferme zinavyoota huko. (Sisi tuna shamba, wenye pesa wana ferme; udongo ni uleule.) Juu kidogo ya shamba la mama mdogo, mkubwa mmoja alileta katapila mwezi wa nne, mvua zilipokatika tu. Wiki mbili ikanguruma. Walipasua kichwa cha dembo kwa mfereji ulionyooka, wakainua tuta refu, wakachimba bwawa la samaki, wakatandaza nyasi za gazoni, wakasimamisha payote mbili, vibanda vya kunywea bia Jumapili. Pamependeza, sikatai. Nilipoonyeshwa picha mara ya kwanza nilidhani ni hoteli.

Mwezi wa saba kijito cha chini kikakata. Mama mdogo ana matuta ya lengalenga na matembele pembeni mwa dembo, na kisima alichokichimba mwenyewe kwa jembe. Miaka yote kisima hicho kilimfikisha mwezi wa kumi, mvua ikamkuta bado anachota. Mwaka huu nilishuka ndani kwa miguu yangu: matope yaliyopasuka vipande vipande, na chura mmoja aliyekauka kama ulimi wa kiatu kikuukuu.

Tulipolalamika, tukaoneshwa karatasi. Mihuri mitatu, sahihi, kila kitu. Tarehe: mwezi wa sita. Katapila ilikuwa imesharudi mjini zamani.

Sheria ya ardhi ya Kongo yetu, ya tarehe 20 Julai 1973, watu huikumbuka kwa sentensi moja tu, kwamba ardhi ni ya Serikali, na wakubwa wanaipenda sana sentensi hiyo. Lakini mle ndani, kwa ardhi ya vijijini, mna kipengele ambacho hawakitaji: kabla mtu hajapewa konsesio, yaani haki ya kutumia ardhi hiyo, lazima ufanyike uchunguzi. Mtu wa Serikali afike mahali penyewe, akague mipaka, aandike watu aliowakuta na wanachofanya hapo, aandike misitu, mito na njia, amsikilize kila mwenye neno, hata asiyejua kuandika. Sheria ya mazingira ya 2011 nayo inataka athari zichunguzwe kwanza, hata mradi ukiwa wa kilimo. Kwanza. Sijui ni lugha gani ambayo "kwanza" maana yake ni miezi miwili baada ya mashine kuondoka.

Na msidhani nagombea tarehe. Kati ya ferme ile na shamba letu palikuwa na kichuguu. Si vile vidogo vya kuegemezea baiskeli. Kile kilipita paa la nyumba, na mgongoni kilibeba miti. Babu alipopewa sehemu ile na mfumu, chifu wetu, hakupewa krokii, mchoro wa kiwanja. Alishikwa mkono: toka kichuguu hiki, shuka na maji, mpaka mti ule wa mubanga. Hiyo ndiyo ilikuwa kadasta yetu, rejista yetu ya mipaka, na watoto tulipelekwa kuitembea kila kiangazi ili tusiisahau. Nakumbuka mama mdogo akikwangua udongo wake wa kutafuna alipokuwa na mimba ya binamu yangu, akinikataza nisimwambie bibi.

Watafiti waliopima vichuguu vya misitu yetu ya miombo ya Katanga kwa radiokaboni walitoa majibu yao mwaka 2015: kimoja kilikuwa na zaidi ya miaka 2000. Chetu hakikupimwa, lakini hata kama kilikuwa na robo ya umri huo, kilikuwapo kabla ya mfalme Msiri, kabla ya kampuni ya migodi ya Union Minière, kabla ya muhuri wa kwanza kugongwa katika nchi hii. Katapila ilikimaliza kabla ya chakula cha mchana. Udongo wakawauzia watu wa matofali ya kuchoma. Mubanga ukawa makala, ya jikoni, si kama hii.

Ndipo sasa mchunguzi anapokuja. Anakuta nini? Gazoni. Anaandika: hakuna mtu, hakuna kijito, hakuna alama ya mpaka. Na hasemi uongo! Ndicho kinachonichoma. Karatasi ile ni ya kweli kila mstari, kwa sababu kila ambacho kingeikanusha kilishasawazishwa. Mashahidi wetu walikuwa kichuguu, mti na maji. Wote watatu walitolewa kabla ya kesi kufunguliwa, halafu tunaulizwa ushahidi wetu uko wapi.

Mtaniambia kuna adhabu. Ipo. Sheria ileile ya 1973 inamtishia anayetumia ardhi bila haki kwa kifungo cha miezi miwili hadi sita, na faini iliyoandikwa kwa zaire. Zaire, jamani. Pesa tuliyoiaga 1998.

Haya, na mimi nikiri kabla jirani yangu hajaniumbua: ukuta wangu wa Katuba, mjini Lubumbashi, ulisimama kwanza, kibali kikafuata. Nilizungushwa miezi mitano, kesho-rudi kesho-rudi, mpaka saruji ikaanza kuganda ndani ya mifuko. Kwa hiyo najua kwa nini watu hawangoji. Lakini ukuta wangu haukumnyima mtu maji ya kupikia bukari.

Samaki wa bwawa lile ni wazuri, nasikia. Hawauzwi huku chini.

Kuna binamu yangu yuko Uingereza, yeye ananicheka. Ati hata huko mtu akishachimba bustani yake anaweza kuomba kibali baadaye, iko katika sheria yao ya 1990. Sawa. Nikamuuliza, na majirani je? Akasema wanaarifiwa, wanapinga kwa maandishi, na halmashauri ikikataa inaweza kumwamuru mwenye kazi arudishe ardhi ilivyokuwa. Basi binamu, hicho si kitu kimoja na chetu. Kule anayetangulia kuchimba anabahatisha. Hapa bahati yenyewe ni kutangulia.

Nimerudi kule Jumamosi. Mama mdogo sasa anachota maji kwa bidoni za lita ishirini kutoka pompi ya shule, safari nne kwa siku, na matembele yamebaki matuta matatu. Mahali kichuguu kilipokuwa amechomeka mstari wa vijiti vya mihogo, angalau viote viwe alama. Tukiwa pale pale, zamu wa ferme, yaani mlinzi, akatoka mbio, fimbo mkononi, anauliza kama mama ana karatasi ya kupanda hapo.

Mama mdogo hakusimamisha jembe.

"Itakuya nyuma," akamwambia, "sawa ile yenu."