Silaha Zilizochelewa Si Kipimo cha Silaha

Tangu vita vya Ukraine vipandishe bei ya unga wa ngano mwaka 2022, hoja moja imekita mizizi katika mabaraza ya Mombasa: kwamba nchi za Magharibi ndizo zilizoichokoza Urusi kwa kuipa Ukraine silaha, na kwamba mnyonge anayejihami humkera tu mwenye nguvu. Hoja hiyo ina ushahidi wake. Jeshi la Georgia, nchi ndogo inayopakana na Urusi, lilianza kupewa mafunzo na Marekani mwaka 2002. Agosti 2008 serikali ya nchi hiyo iliushambulia mji wa Tskhinvali katika jimbo lililojitenga la Ossetia Kusini, na Urusi ikalisambaratisha jeshi hilo kwa siku tano. Msaada ule haukumzuia jirani, na huenda uliwatia viongozi wa Georgia ujasiri usio na msingi.

Hata hivyo, anayeitaja Ukraine kuwa ushahidi kwamba silaha hazizuii uvamizi hana budi kueleza ni silaha gani hizo. Baada ya Urusi kuitwaa rasi ya Crimea ya Ukraine mwaka 2014, serikali ya Barack Obama ilikataa kuipa Ukraine silaha za kuua. Ni mwaka 2018, chini ya Donald Trump, ndipo Marekani ilipoidhinisha makombora 210 ya Javelin, ya kuangamiza vifaru, na mitambo 37 ya kuyarushia. Makombora 210, dhidi ya jeshi lenye maelfu ya vifaru! Tena yaliwekwa magharibi mwa nchi, mbali na mapigano ya Donbas, eneo la mashariki, kwa kuchelea kuiudhi Moscow. Mvamizi anayepiga hesabu ya gharama hawezi kutishwa na silaha ambayo anajua imefungiwa ghalani upande wa pili wa nchi. Shehena kubwa zilifika baada ya vifaru kuvuka mpaka Februari 2022. Kwa hiyo kilichoshindwa Ukraine ni kujihami nusunusu, hali iliyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa iliipa Moscow kisingizio bila kuipa sababu ya kusita.

Wanaohimiza mnyonge akubali masharti wautazame pia mwaka 1939. Estonia, Latvia na Lithuania zilikubali kambi za jeshi la Kisovieti katika ardhi zao. Agosti 1940 zilikuwa zimemezwa zote tatu, na uhuru wao haukurudi hadi 1991. Finland ilikataa, ikapigana na Wasovieti siku 105, ikapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi yake na askari wapatao 25,000. Ni gharama ya kutisha, na sitaki kuipunguza. Lakini Stalin, kiongozi wa Kisovieti, alikuwa ameshaona bei ya kuitawala Finland, na hata iliposhindwa tena mwaka 1944 haikukaliwa.

Ndiyo maana naona swali la msingi ni la wakati na la aina ya silaha. Zinazozuia ni zile za kulinda, zilizokwisha kufika na zinazoonekana kabla mwenye nguvu hajakata shauri. Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake, iliagiza ndege 66 za kivita za F-16 kutoka Marekani mwaka 2019, na uwasilishaji wake ukachelewa kuliko ratiba, huku mazoezi ya kijeshi ya China yakiendelea kukizunguka kisiwa hicho.