Mkojo hajatoa, UTI wameiona wapi?

Jamani mi niko huku Uingereza mwaka wa tisa sasa, nesi wodi ya watoto, na kila nikipiga simu nyumbani Tanga kuna mtu katundikiwa dripu. Juzi mdogo wangu kampeleka mwanae zahanati moja ya mtu binafsi, homa ya siku moja tu, wakampima Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, wakasema taifodi na UTI, akarudi na sindano za siku tano na mfuko wa dawa. Malaria alipimwa? Hajui. Mkojo je? Mtoto hajatoa hata tone.

Huku wa kwangu alipoumwa koo daktari alimwangalia tonsi kama zina usaha, akauliza homa imeanza lini, anakohoa au hakohoi, akajumlisha dalili zake akasema paracetamol na maji mengi, antibayotiki hapana, hali ikibadilika mrudishe. Wabongo wengi huku hiyo inawauma sana, wanasema madaktari wa huku hawajui kitu, wanabeba dawa toka Dar kwenye mabegi. Siwaungi mkono. Yule daktari hakujitungia, kuna taasisi inaitwa NICE toka 1999 inakusanya tafiti na kuandika miongozo, na iko wazi mtandaoni hata mzazi anasoma.

Ila asiniambie mtu kwamba ujuzi wote uko huku. Hospitali Teule ya Muheza, hapo hapo kwetu, pamoja na Kilifi ya Kenya na hospitali kadhaa za Uganda, watoto zaidi ya 3,000 waliingia kwenye utafiti wa FEAST uliotoka 2011. Ilikuwa inaaminika mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri umkimbizie maji mengi ya mshipa haraka haraka. Waliokimbiziwa walikufa kati ya 10 na 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, wasiokimbiziwa 7. (Mtoto wa kuharisha ni habari nyingine, hao hawakuwemo.) Nimekuja kuusoma huku darasani, mwalimu anataja Muheza mi machozi yananilenga.

Na mwongozo wa wizara ya afya tunao, wa matibabu na dawa muhimu, toleo la 2021 lipo. Nilipokuwa nafanya kazi nyumbani kitabu kilikaa kwenye droo ya mganga mfawidhi, ufunguo anao yeye, akisafiri ndo basi. Na hata ukikisoma, nani wa kumwambia dokta mbona kitabu kinasema vingine? Huku nimeshamsimamisha daktari bingwa kwenye dozi ya gentamaisini, nikamfungulia ukurasa, akafuta akaandika upya, akasema asante tukaendelea na kitanda kinachofuata.

Nimemwambia mdogo wangu akienda tena aulize mawili tu, mmepima nini na hii dawa ni ya nini. Kanijibu dada, wataniona mjuaji.

Wakuone.